Besi ya Baba Elifuraha

Leo sungura hayupo, msimuulizie. Leo nimekuja na ufunguo mmoja na watu watatu, na nawaonya mapema: aliyekuja kucheka amekosea nyumba. Haya, kaeni. Wewe uliye mlangoni ingia ndani, baridi ya Usangi haina adabu.

Walikuwepo ndugu watatu, watoto wa fundi seremala, na kila mmoja alijaliwa chake. Elifuraha, kifungua mimba, alijaliwa mkono. Mpe ruta, ile mashine yenye kisu kinachozunguka na kuchimba mifereji kwenye ubao, ataipitisha bila kutetereka. Nakunda, wa pili, alijaliwa sikio. Redio ikikwaruza nyumba ya tatu, yeye anakwambia ni waya gani umeachia. Mbazi, kitinda mimba, alijaliwa subira. Angeweza kukaa na ubao siku tatu akiubembeleza ujipinde, na ukajipinda.

Baba yao alikuwa amefariki miaka saba nyuma. Alipokuwa hai aliimba besi katika kwaya ya kanisani, na karakana yake ilishikana na sebule, katikati ukuta mmoja wa mbao. Akitaka chai, haiti mtu. Anagonga ukuta kwa nyundo ya mti: du, du, du. Ananyamaza. Du, du, du. Mama Elifuraha anainuka na kikombe. Watoto walikua wakidhani kila nyumba chai huombwa hivyo.

Siku aliyokufa, kwaya ilikuja nyumbani kumpongeza Nakunda kwa kumaliza chuo cha ufundi. Waliimba nyimbo nne pale sebuleni, na Nakunda akazirekodi zote kwa simu bila kuizima. Wimbo wa kwanza baba alikuwamo. Ulipokwisha, mama akamwambia, "Baba Elifuraha, hebu katuletee mabenchi karakana, wageni wamesimama." Akaenda. Huko rundo la mbao likamwangukia kifuani. Walipokwenda kumtazama, nyimbo zote zimekwisha, alikuwa ameshakata roho, na kila aliyekuja msibani alimwambia mama neno lilelile: "Shukuru Mungu, alikufa papo hapo. Hakuteseka." Kwa neno hilo mama aliweza kula na kulala miaka yote saba.

Karakana ilifungwa siku ya mazishi. Ruta peke yake ndiyo iliyotolewa, Elifuraha akawa anaifanyia kazi uani.

Lakini mama alikuwa na kiu. Kila alasiri aliiweka ile simu sikioni akasikiliza wimbo wa kwanza, halafu akaiweka chini kwa hasira. "Hii simu inanipa masoprano tu! Besi ya baba yenu mmeitupa wapi?" Wakamnunulia sabufa ya dukani. Ikavuma vuuum, vyombo vikacheza kabatini, mwanadamu hakusikika. Basi siku moja mama akafungua fundo la kanga, akautoa ufunguo wa karakana.

"Atakayenirudishia besi ya baba yenu, karakana ni yake, na kila kilichomo ndani. Nimeapa mbele ya Mungu, sirudi nyuma."

Ndugu wakatazamana. Karakana ile ilikuwa kazi, jina, na maisha ya mtu.

Nakunda akatoa sikio lake. Akasema, "Boksi la pembe nne linairudisha sauti kwenye kuta zake, inajigonga na kujichanganya. Tunataka boksi lenye mbavu za mviringo, kama tumbo la mtungi." Akapima, akachora, akatafuta spika kuukuu za kanisani, akazifufua waya kwa waya. Bila yeye wangechonga kabati la nguo.

Elifuraha akatoa mkono wake. Akakata kiolezo cha kadibodi, akakifuata kwa ruta mpaka mbavu zote zikawa pacha. Kisha akageuza kila ubao mgongo, akauchimba mfereji baada ya mfereji, akibakiza unene wa kucha tu ili ubao ukubali kupinda. Mkono ukiteleza hapo, ubao umekwisha. Haukuteleza.

Mbazi naye akatoa subira. Akazilaza mbao chini ya matambara ya maji ya moto, akazipaka gundi, akazivisha mbavu, akazifunga kwa tyubu za baiskeli. Kila baada ya saa chache anakaza kidogo, anangoja, anakaza tena. Mkewe akamletea chakula palepale uani, akimwambia, "Ungenibembeleza mimi hivyo, ningenenepa."

Maboksi yakatoka mawili, mazuri mno, hayana kona hata moja. Hata hayajawashwa, ugomvi ukaanza.

"Sikio ndilo lililojua," alisema Nakunda. "Nyie mngejua kupinda nini?"

"Sikio halikati ubao," alisema Elifuraha. "Ufunguo ni wangu."

"Na vipande vyenu vingebaki vipande," alisema Mbazi. "Nani alivishikanisha?"

"Washeni kwanza," alisema mama.

Wakawasha saa tisa alasiri. Na wenzangu, besi ikaja! Ilitoka chini kabisa, nzito, na ukwaruzo wake wa tumbaku. Mama akashika mbao kwa viganja viwili akalia kwa furaha. "Ndiye! Ndiye huyu! Jamani, mume wangu!" Watoto nao wakalia, ugomvi wakausahau. Wimbo ukaisha, na ikasikika sauti ya mama mwenyewe: hebu katuletee mabenchi. Hakuna aliyekumbuka kuzima.

Wimbo wa pili ukaanza. Katikati yake, chini ya sauti zote, kikasikika kitu ambacho simu haikuwahi kukitoa.

Du, du, du. Kimya. Du, du, du.

Nakunda alirukia spika, akakagua waya zote, akiomba akute mmoja umeachia. Haukuwepo. Elifuraha akapitisha vidole kwenye kila ungio, akitafuta ubao aliouchimba vibaya. Hakuupata. Mbazi akabonyeza gundi huku na huku, akimsihi Mungu ipatikane hata sehemu moja iliyobanduka. Gundi ilikuwa imeshika. Sijapata kusikia mafundi wakiomba kazi yao iwe mbovu, ila hao. Kazi yao haikuwa na kasoro.

Wimbo wa tatu: du, du, du. Polepole sasa. Wa nne: du, du. Halafu kwaya ikaendelea peke yake, ikapigiwa makofi, na mwanamke mmoja akacheka.

Mama alikuwa ameinuka. Miguu ilimwinua yenyewe, kwa mazoea. Akasema, "Nyimbo tatu. Alinigongea nyimbo tatu, na mimi nilikuwa naimba."

Akafungua tena fundo la kanga.

Akaweka ufunguo juu ya boksi. "Nimeapa. Mmenirudishia. Nani kati yenu? Achukue."

Sasa sikilizeni maneno yalivyogeuka. Nakunda akasema, "Mimi nilichora tu, mama. Mchoro hauna sauti. Ni mkono wa kaka." Elifuraha akasema, "Mimi nimekata vipande tu. Kipande hakisemi. Ni Mbazi aliyevifunga." Mbazi akasema, "Mimi nimefunga nilichoambiwa. Mwenye sikio ndiye aliyejua kitatoka nini." Kila mmoja akalitaka boksi liwe la mwenzake.

Ufunguo uko pale mpaka leo. Mama hataki kuushika, anasema aliapa, si wake tena. Chakula anakiangalia tu. Lakini kila siku, saa ya chai, anainuka. Anamimina kikombe, anaweka sukari vijiko viwili, anazunguka nyumba hadi mlango wa karakana na kukuta kufuli. Anasimama hapo na kikombe chake. Chai inapoa. Anaimwaga, anarudi ndani, na kesho yake anakwenda tena. Anaomba jambo moja tu, na hamtaji mtu kwa jina: "Nifungulieni nimpelekee."

Wa kumfungulia ni mwenye ufunguo. Na mwenye ufunguo ni yule aliyeirudisha besi, na aliyeirudisha besi ndiye aliyezirudisha na zile du, du, du.

Basi mimi nimechoka nayo, nawaachia. Aliyesikia, aliyekata, au aliyepinda? Msiniambie wote watatu. Wote watatu wako sebuleni wamekaa, na mlango bado umefungwa. Nitajieni mmoja. Wewe ungemkabidhi nani ule ufunguo? Na fanyeni haraka, saa ya chai imekaribia.