Ugali Uliomwagwa Ubaoni

"Ugali wa mpakani huliwa na wawili." Nimewaambia hivyo mlipokuwa mnavutana blanketi, nanyi mmeliacha blanketi mkaniganda mimi: Bibi, ugali nao una mpaka? Ulikuwa nao, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia hapa hapa kwetu Usambara, kwenye meza ya Waitaliano, na mimi nilisimuliwa na mama yangu, aliyekula siku ile.

Bwana Gaspare alikuwa fundi wa mashine ya kupasulia mbao. Mkewe watu walimwita Mama Lina, kwa jina la binti yao. Mashine ilipokwisha kusimikwa, Mama Lina akasema atawapikia wote waliosaidia chakula cha ukoo wake, kile alichofundishwa na nyanya yake. Watu wakaja wamevaa vizuri, wakingoja maajabu ya Ulaya. Mama Lina akatoa unga wa mahindi.

"Ala! Kumbe ni ugali?" mama yangu akasema.

Lakini ugali ule! Aliupika katika sufuria la shaba lililong'aa kama kaa la moto. Hakuusonga mara moja akaepua, la. Aliuzungusha na kuuzungusha bila kupumzika, mkono ukichoka Lina anapokea mwiko, naye akijifuta jasho anaudai tena. Pembeni, mchuzi wa nyanya na nyama ya kondoo ulikuwa ukitokota taratibu tangu asubuhi, ukinukia vitunguu na majani aliyoyapanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Watu wakatafuta sahani kwa macho. Hapakuwa na sahani hata moja. Mezani ulilazwa ubao tu, mpana kama mlango, umesuguliwa ukawa mweupe.

Bwana Gaspare akainua sufuria, akamwaga.

Ugali laini ukatambaa ubaoni, wa njano, ukifuka mvuke, ukaenea pole pole kama jua linavyoenea bondeni. Mzee mmoja akavua kofia. Kisha mchuzi mwekundu ukashuka katikati, na nyama juu yake.

"Kila mtu ale mbele yake, aelekee katikati," Mama Lina akasema, akigawa vijiko. "Na kwetu hainuki mtu kabla ubao haujawa mweupe."

Sasa, mezani pale alikuwepo Bi Zahabu na wanawe wawili, Singano na mdogo wake Mbilu. Tangu wagombane juu ya mpaka wa migomba aliyowaachia baba yao, ndugu hao hawakula pamoja. Mama yao alikula leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila mara alisema, "Naomba mlo mmoja na wanangu wote wawili kabla sijafa." Hawakumsikiliza. Mama Lina, asiyejua lolote, aliwakalisha bega kwa bega.

Watu wakala. Vijiko vya majirani vilipogongana, walicheka. Ubao ukawa mweupe huku, ukawa mweupe kule, ukabaki ukuta mmoja mwembamba wa ugali, umenyooka kati ya Singano na Mbilu.

"Maliza," Singano akasema bila kumtazama. "Huo wako."

"Wangu umeishia hapa, kaka. Huo uko kwako."

"Leo unanipa? Kwenye migomba mbona hunipi?"

"Na wewe kwenye migomba mbona husemi 'maliza'?"

"Jamani," mtu akadakia, "tumwite jumbe aje na kamba apime ugali!"

Wakacheka, kisha kicheko kikafa. Hakuna aliyethubutu kuinuka, wala hakuna kati ya wale wawili aliyeugusa. Ugali ukapoa, ukashikana.

"Mama, kwani ugali huo una sumu?" Lina akauliza.

Ndipo Bi Zahabu akasema, kwa sauti ndogo: "Wanangu, msiumalize. Tangu tumzike baba yenu, leo ndiyo mara ya kwanza nimekaa nanyi wote wawili. Ukiisha, tutainuka."

Singano akaweka kijiko chini. Akamega kwa mkono upande wake, kipande kidogo kama punje. Mbilu akamega upande wake, kidogo vile vile. Wakala hivyo, pole pole, machozi yakiwadondoka, kila mmoja akiogopa usiishe upesi, hata vidole vyao vikagusana pale ukuta ulipokuwa. Watu waliwatazama kama watu walio msikitini.

"Kesho mama atakula kwangu," Mbilu akasema. "Nawe uje, kaka."

"Nitakuja. Ila upike wa kutosha, mimi nina njaa ya miaka."

Na ile migomba? Watoto wao waliivuna pamoja, na leo hakuna ajuaye mstari ulipita wapi. Ugali ule angeula mmoja peke yake, mwenziwe angesema ameibiwa. Wangeuacha wote wawili, watu wangali wameketi pale hadi leo. Haya, lichukueni blanketi lenu, huyu ashike huku na huyu kule.

Ugali wa mpakani huliwa na wawili.