Kweli Moja ya Bi Kalunguyeye

— Wenzangu, nianze?

— Anza, tumekaa!

— Nianze na kweli au na uongo?

— Changanya, tutachambua wenyewe!

Haya, nachanganya. Katika ngano hii kuna jambo nimeshindwa kulifumbua tangu nilipoisikia: siku Bi Kalunguyeye aliposema kweli, moyoni alitaka nini? Nimewauliza wakubwa na watoto, sijajua. Labda nyinyi.

Bi Kalunguyeye, mnyama mdogo wa miiba, alikaa Ufaransa kwenye mlima wa mawe matupu. Yeye na mumewe walipanda mizabibu hapo, maana mzabibu ukishiba maji huzaa zabibu nyingi zisizo na ladha. Ukiteseka kwenye mawe huzaa chache, tamu. Wakapanda, wakangoja. Wakapogoa matawi kwenye baridi, wakangoja. Mwaka wa tatu theluji ikamchukua mume, mkasi wa kupogolea mkononi. Hakuonja hata tone. Bi Kalunguyeye akapogoa peke yake, akangoja. Alitaka kitu kimoja tu: pipa moja la divai nyekundu, aonje, ajue kama mumewe alikufa kwa ajili ya kitu.

Chini ya mlima alikaa Nguruwe Mwitu, mwenye meno ya nje na tumbo lisilojua kutosheka. Mwaka wa saba akanusa harufu. Akapanda mlima, gidi-gidi, gidi-gidi.

"Wee mkebe wa sindano! Zabibu zangu ziko wapi?"

Siku hiyo Bi Kalunguyeye alikuwa akikata nusu ya vichala vikiwa vibichi na kuvitupa, ili vilivyobaki vipate nguvu yote.

"Zimekufa, bwana mkubwa. Huoni naziondoa?"

Nguruwe akala vilivyotupwa, uso ukamkunjamana, akashuka akilia tumbo. Gidi-gidi.

Vichala vilivyobaki vikawa vyeusi, na kila zabibu ikavaa unga mweupe, kama zabibu zote nzuri. Nguruwe akapanda tena, gidi-gidi, gidi-gidi.

"Mama Miiba! Leo nakula."

"Kula, bwana. Ila huo weupe ni upele. Sungura alilamba mara moja tu. Umeuona mkia wake ulivyobaki?"

Nguruwe akageuka kuutazama mkia wake mwenyewe, akashuka mbio.

Bi Kalunguyeye akavuna. Akakanyaga, chwa, chwa, chwa. Akaiacha juisi pamoja na maganda kwenye pipa refu, maana wekundu hutoka kwenye maganda. Bila moto, pipa likaanza kuchemka: bwata, bwata, bwata. Kila asubuhi alipanda ngazi kuyazamisha maganda yaliyoelea. Na kabla ya kuinama aliteremsha koroboi kwa kamba, kwa sababu divai ikichemka hutoa hewa nzito isiyovutika. Koroboi ikiwaka, alifanya kazi. Ikizimika, alisubiri nje.

Asubuhi ya nane ikazimika, fyu. Na gidi-gidi, Nguruwe huyo mlangoni.

"Kinachemka nini humo?"

"Divai."

"Naimaliza yote."

Bi Kalunguyeye akaivuta koroboi juu kwa kamba, akamtazama.

"Usipande, bwana. Mle hamna pumzi. Taa hii hapa, imezimika. Utakufa."

Nguruwe akacheka mpaka meno yakagongana. "Kwanza zabibu zimekufa! Halafu zina upele! Leo pumzi imekwisha! Kesho utaniambia nini, mama, jua limeibwa?"

"Leo nasema kweli."

"Hata juzi ulinitazama kwa macho hayo hayo."

Akapanda ngazi. Akainamisha kichwa. Chubwi!

Halafu bwata, bwata, bwata.

— Na funzo lake?

Funzo, wenzangu: msiseme uongo hata siku moja, kwa sababu kweli huua vizuri zaidi. Ngano yangu naitua hapa, mwenye mgongo aibebe.

— Usiitue! Na divai je?

Wanyama wa mlima walikusanyika, wakamtoa Nguruwe kwa kamba, wakamzika. Wakasema Bi Kalunguyeye hana kosa, alionya mbele ya mlango wake mwenyewe. Wakampa hongera. Kisha wakaamua kwamba divai iliyoua haiwezi kunywewa. Imwagwe yote, juu ya mawe. Hakuna aliyetaka kuigusa.

Aliyeimwaga ni Bi Kalunguyeye, kata baada ya kata, tangu asubuhi iliyofuata hadi jua lilipozama. Hakulamba hata kidole.