Taza wa Shekuwe

Taza havutwi, husukumwa. Mmemsikia shangazi yenu asubuhi akimwambia baba yenu, alipokuwa akimkokota mdogo wenu kutoka uvunguni aende chuoni kusoma Kurani, na nyote mkacheka, maana hamjui hata taza ni mdudu gani. Basi kaeni. Na wewe uliyecheka kuliko wenzio, nishikie huu ukili wa mkeka nisuke huku nikisema. Kisa chake si cha kuchekesha. Methali hiyo ilizaliwa hivi.

Taza ni samaki mwembamba, mweusi mweusi, anayefika urefu wa mkono wa mtu mzima. Juu ya kichwa ana bapa lenye mistari, mfano wa soli ya kiatu, na kwa bapa hilo hujigandisha kwa papa, kwa nyangumi, kwa nguva na kwa kasa, akabebwa bahari nzima bila nauli. Watu humsingizia kwamba hunyonya damu. Hanyonyi. Hula makombo ya anayembeba na vidudu vilivyomshika ngozini. Ajabu yake ni kule kushika. Ukimvuta kwa mkia, ile mistari husimama, naye hushika zaidi; ukizidi kuvuta, utamrarua kabla hajaachia. Ukitaka aachie, msukume mbele, kule kule anakoelekea mwenyewe. Mistari hulala, naye hutoka kwa kidole kimoja.

Wazee wetu wa visiwani waliijua siri hiyo, wakamfanya samaki huyo mvuvi wao. Walimfuga ndani ya uzio wa miti kwenye maji haba, wakamlisha kwa mkono, na siku ya kuvua wakamfunga kamba mkiani. Kasa huishi baharini lakini huvuta hewa kama mimi na wewe, kwa hiyo hana budi kupanda juu. Akipanda, taza hutupwa majini, humwendea moja kwa moja, humganda. Hapo wavuvi huanza kuvuta kamba, na kadiri wanavyovuta ndivyo taza anavyoshika. Siku hizi kasa wamebaki wachache na kuwavua ni marufuku, na ni vyema. Mimi nasema ya zamani.

Katika kijiji cha Mtondoni hakuna aliyemjua taza kama Shekuwe. Mkewe alikufa kwa homa, akamwachia binti mmoja, Somoe, ambaye meno ya utoto yalikuwa bado hayajamng'oka yote. Baadaye Shekuwe akamwoa Barke. Msianze kunikunjia nyuso, Barke hakuwa mama wa kambo wa hadithini. Alimpikia mtoto, akamsuka nywele, akamfunika usiku. Lakini moyo wa Somoe ulikuwa ng'ambo, kijiji cha Kipuli, kwa Mwanashee, mama yake mdogo.

Mwanashee hakufanana na marehemu dada yake kwa sura. Alifanana naye kwa sauti. Somoe akifika kwake hukaa jikoni, akampa mgongo, akafumba macho, kisha akamwambia, "Sema, mama mdogo. Sema chochote." Naye Mwanashee husema, hata kama ni habari za kuku na kuni, huku machozi yakimtoka na mtoto hayaoni.

Kati ya vijiji hivyo viwili palikuwa na mkono wa bahari wenye mikoko kando. Siku za bamvua maji hutoka yote pale, mtu akavuka kwa miguu, matope yakamfika kifundoni. Siku za maji mafu bahari haitoki sana wala haijai sana. Ukiitazama kutoka ufukweni utadhani imetoka, kumbe katikati kimebaki kina cha kummeza mtu, na mkondo wake unapita. Mtu mzima analijua hilo. Somoe alikuwa amevuka siku za bamvua tu.

Mwanzoni alikuwa akienda, akilala usiku mmoja, akirudi mwenyewe. Laiti mambo yangeachwa hapo. Lakini vijiji vina midomo, na midomo ya Mtondoni ilianza kusema kwamba Shekuwe anavuta kasa wazito, ila mtoto mdogo amemshinda. Maneno hayo yakamwingia. Akavuka kwenda Kipuli, akamshika binti yake mkono, akamkokota hadi nyumbani. Somoe akakaa kidogo, akatoroka. Akakokotwa tena. Safari hii hakukaa hata kidogo, na baba yake alipomfuata alimkuta amekumbatia mwimo wa mlango wa Mwanashee, ikabidi abanduliwe kidole kimoja kimoja.

Mwanashee alimsihi. Alimwambia asimvute, amlete yeye mwenyewe kila bamvua, akae naye, wanywe kahawa, mtoto ashibe ile sauti. Na siku ya kurudi yeye Mwanashee ndiye atakayempa mtoto kikapu cha kumpelekea Barke, atangulie nacho kwa furaha. Shekuwe alimjibu kwamba mtoto ni wake na hahitaji ruhusa ya mtu kumchukua. Akaondoka bila kuaga.

Bamvua lililofuata alimfungia Somoe chumbani. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Maji mafu yalipoingia, Shekuwe akafungua kufuli, akamwambia Barke amwache acheze nje, sasa bahari yenyewe itamzuia. Halafu akaenda kuvua na mwenzake, Bunu.

Siku hiyo taza alimganda kasa mkubwa. Walivuta kwa taratibu mpaka wakamfikisha ubavuni mwa mtumbwi, wakamshika mapezi. Kisha Shekuwe akainama kumtoa taza wake. Akamwekea kidole gumba nyuma ya bapa, akamsukuma mbele kidogo, na taza akaachia bila kuumia hata gamba. Bunu alikuwa akimtazama.

"Shekuwe, nikikuambia neno utanikasirikia?"

"Sema."

"Samaki huyu hujawahi kumtoa kwa kumvuta."

"Nimvute nimuue? Akivutwa hushika zaidi, wewe hujui?"

"Mimi najua," Bunu akasema. "Na mkono wako unajua. Basi mbona ukifika nyumbani unasahau?"

Shekuwe hakukasirika. Alimtazama taza mkononi mwake, maji yakimdondoka. Kisha akamwachia kasa, kasa akazama na kwenda zake, naye akamwambia Bunu wageuze mtumbwi. Njiani alisema mara moja tu kwamba atampeleka Somoe Kipuli kwa mtumbwi jioni ile ile, na atakaa naye huko mpaka mtoto mwenyewe aseme twende.

Ndugu zangu, wajukuu zangu, kuna kuelewa kunakokuja kumechelewa, na hakuna kitu kinachoniuma kama hicho. Walipofika walimkuta Barke kisimani akiliita jina la mtoto. Alisema Somoe alikaa ufukweni asubuhi nzima akitazama maji, hana utundu wowote, hata yeye akaona amekwisha kutulia. Kumbe mtoto alikuwa akingoja bahari itoke, kama alivyofundishwa. Aliingoja kwa adabu. Ilipofika mwisho wa kutoka kwake, akaingia.

Wanawake waliokuwa wakiokota chaza ndio waliomwona, kwenye mizizi ya mikoko, upande wa Kipuli. Alibakiza kidogo sana kufika.

Walimzika Mtondoni, karibu na mama yake. Watu wakatawanyika, Shekuwe hakutawanyika. Alilala kifudifudi juu ya kaburi, vidole vyake ndani ya mchanga. Wanaume wakamshika mabega wampeleke nyumbani. Kadiri walivyomvuta ndivyo alivyokita vidole. Wakambeba kwa nguvu, na alfajiri wakamkuta kaburini tena. Ikawa hivyo kila siku. Wakimvuta, anarudi mapema zaidi. Hali wala hanywi ila akilazimishwa, na aliisha mwili mpaka watu wakaanza kusema atamfuata mwanawe.

Bamvua jingine likafika. Mwanashee akavuka kwa miguu kutoka Kipuli, matope yamemfika kifundoni, akaja makaburini akawakuta wanaume wanne wanavutana na Shekuwe. Nao walipomwona walitazamia laana, maana kila mtu alijua ni nani mwenye haki ya kumlaani mtu yule.

"Mwacheni," akasema. "Nyinyi ni wavuvi, nani aliwafundisha hivyo? Taza havutwi, husukumwa."

Wakamwachia. Mwanashee akakaa mchangani kando ya shemeji yake. Hakumlaumu, hakumwambia anyamaze. Alianza kumsemea habari za kuku wake na kuni zake, kwa sauti ile ile, na Shekuwe aliposikia sauti hiyo akalia kilio ambacho hakuwa amekilia tangu msiba uingie. Alipokwisha kulia, Mwanashee akasimama akakung'uta mchanga.

"Maji yametoka, shemeji," akamwambia. "Nami tangu siku ile naogopa kupita pale peke yangu. Nivushe."

Shekuwe alibaki pale pale. Wanaume wakataka kumwinua, Mwanashee akawazuia kwa jicho. Kisha vidole vikatoka mchangani, kimoja kimoja, bila kuguswa na mtu. Akainuka. Akamshika mkono, wakateremka pamoja mpaka kwenye mkono wa bahari, Shekuwe ametangulia akijaribu kina kwa mguu wake kila hatua, njia nzima, ingawa siku ile hapakuwa na maji ya kumzamisha hata kifaranga.

Basi mkimsikia mtu akimwambia mwenzake maneno haya, msicheke tena. Nendeni mkamwite mdogo wenu huko uvunguni alikorudi, na asiwepo wa kumshika mkono. Mwambieni tu bibi hana wa kumshikia ukili. Taza havutwi, husukumwa.