Kifurushi Kilichojengeka kwa Mwenyewe Tu

Mama zangu, sitawachelewesha. Najua kuna walioacha maharage jikoni.

Palikuwa na mama mmoja mtunza programu za kompyuta. Programu yake, iliyoandikwa kwa lugha ya Python, ilitumiwa na zahanati kuweka kumbukumbu za chanjo za watoto. Waliipata kwenye mkusanyiko mmoja wa programu za mfumo wa kompyuta uitwao Linux, mkusanyiko unaotunzwa na watu wa kujitolea, kila mtu na kifurushi chake, yaani programu iliyofungwa tayari kuwekwa kwenye kompyuta. Yeye chake alikijenga kwa njia ya zamani: faili moja yenye amri, iliyookota chochote ilichokikuta kwenye kompyuta yake.

Wasimamizi wakatangaza kwamba njia hiyo inaondolewa. Kila mtunzaji aandike wazi vitu vyote ambavyo kifurushi chake kinahitaji, kisha kijengwe kwenye kompyuta tupu. Kitakachoshindwa kitaondolewa kwenye mkusanyiko. Wakawapa miaka miwili. Kila alipojenga, onyo lilitokea kwenye skrini, naye akalizoea, kama sisi tunavyozoea bomba linalovuja.

Wiki ya mwisho, msimamizi akampigia simu.

"Dada, umebaki wewe tu."

"Changu hakina shida, kaka. Kwangu kinajengeka."

"Kwangu kimegoma."

"Basi kompyuta yako mbovu."

"Ni mpya, dada. Haina kitu ndani."

"Si ndiyo sababu!" Akacheka.

Mwenzake hakucheka. "Kuna kitu kifurushi chako kinakitafuta, hakipo. Ulikiweka wewe kwa mkono?"

Hapo mama akakumbuka. Miaka saba nyuma aliweka kipande kimoja cha programu kwenye kompyuta yake, akapitiwa, hakukiandika popote. Miaka yote saba alidhani kifurushi kinajengeka, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akikishikilia. Angekufa katikati, nani angekijenga? Na wale wauguzi wangefanyaje?

Alikaa akaandika mstari mmoja wa kukitaja kipande kile. Mmoja tu! Kifurushi kikajengeka kwenye kompyuta tupu.

Mnamcheka? Haya, tujiangalie. Mtoto anasali kila siku nyumbani kwetu. Anakwenda chuo, muhula wa kwanza tu, hasali tena. Tunasema nini? Mji umemharibu. Marafiki wamemharibu. Mama zangu, mji haukumharibu. Mji ulikuwa mtupu tu, haukuwa na sisi. Alisali kwa sababu tulisimama mlangoni na kanga kiunoni tukisema, "Hujasali, huli." Tulimpa amri. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwambia anamhitaji Mungu kwa lipi?

Tumechoka, najua. Kuamrisha ni haraka kuliko kueleza. Lakini hatutakwenda naye chuo, wala kwenye ndoa yake, na siku ya kutuzika atasimama peke yake.

Leo jioni usimwambie, "Kasali." Mwambie wewe unasali kwa nini. Ukikosa la kusema, afadhali ulijue leo, ungali hai.