Barua Aliyopewa Namsifu

Swala hatumwi kumwita chui.

Haya, mmeniuliza methali hiyo ilitoka wapi, nami nitawaambia, ila zimeni hizo simu kwanza. Sifaeli, wewe ndiye uliyeileta leo kutoka huko kwenye mafunzo yako ya ofisi ya kijiji, unacheka mpaka unashika mbavu, eti bibi mmoja kamrushia mtendaji maneno hayo na mtendaji akainamisha kichwa. Hata mimi ningeinamisha. Chanzo chake nakijua kwa sababu nilikuwapo, na kalamu iliyoharibu mambo ilikuwa mkononi mwangu.

Miaka hiyo nilikuwa karani wa baraza la usuluhishi la kata yetu huku milimani. Kila Alhamisi wazee saba wanakaa kwenye benchi, wote wanaume, na mimi pembeni na meza yangu. Mashauri mengi yalikuwa ya mifereji ya maji. Huyu kafungulia maji siku isiyo yake, yule kaziba mfereji usiku, mwingine ng'ombe wake wamebomoa kingo. Kulikuwa na kanuni moja ya tangu enzi za babu zetu, na wazee waliipenda kweli: mlalamikaji mwenyewe ndiye anayepeleka barua ya wito kwa yule anayemlalamikia, kwa mkono wake.

Msidhani ilikuwa kanuni ya kijinga. Ukimbishia jirani yako hodi na barua mkononi, atakukaribisha kiti, mtaongea, na mara nyingi mtagawana maji palepale mlangoni, baraza lisijue hata shauri lilikwishaje. Kwa maji ilifaa sana. Ila hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kujiuliza kama mke aliyepigwa ni sawa na mtu aliyenyimwa zamu yake ya maji. Tulikuwa na kanuni moja, basi tukaitumia kwa kila shauri lililoingia mlangoni.

Alhamisi moja akaja Namsifu. Alikuwa mke wa Kajiru, mpasua mbao, mwanamume mwenye kifua kipana ambaye njiani anasalimia kila mtu kwa adabu, wakubwa kwa wadogo. Ungemsikia akisalimia ungesema huyu ndiye mkwe wa kumtafuta. Namsifu alikuwa na jicho moja limefumba kwa uvimbe, na shingoni alama za vidole.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mzee Mshana, mwenyekiti wetu. "Una neno gani?"

"Mume wangu ananipiga. Huu mwaka wa tatu. Juzi amenikaba mpaka nikapoteza fahamu. Wazee wangu, nisaidieni, huyu mtu ataniua."

Mzee Mshana hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alimwonea huruma kabisa. "Pole sana, mwanangu," akamwambia. "Alhamisi ijayo tutamweka hapa mbele ya watu ajieleze. Karani, andika wito."

Nikaandika. Kwamba Kajiru anatakiwa kufika barazani kujibu tuhuma za kumpiga na kumkaba mkewe. Nikagonga muhuri, nikaikunja vizuri, nikampa Namsifu. Akaitazama ile barua, kisha akanitazama mimi.

"Nimpelekee mimi?"

"Ndiyo. Ndio utaratibu."

"Dada, humu mmeandika kwamba nimemshitaki."

"Ndiyo."

"Na mimi leo nalala nyumbani kwake."

Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, watu wa mifereji wamesimama na jua limeshapanda. Mnajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Basi mpe kwa upole. Mpe akishakula." Jamani! Akishakula! Mimi, mwanamke mwenzake, mwenye binti nyumbani, nilifungua mdomo nikatoa maneno hayo. Namsifu akaifunga barua kwenye pindo la khanga, akaaga, akaenda.

Wiki iliyofuata alirudi, lakini hakuja peke yake. Alishikwa mkono na mama mkwe wake, mama mzazi wa Kajiru, kikongwe aliyekuwa anatembea kwa shida. Namsifu alikuwa amefungwa kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, na mkono wa kushoto umefungwa kwa vijiti viwili. Taya lilikuwa limevunjika. Alikuwa hawezi kusema hata neno moja.

Watu wa mifereji waliokuwa wanabishana uani waliwapisha njia mpaka mbele ya benchi.

"Nitasema mimi," yule bibi akaanza. "Alimpa barua yenu kama mlivyomwagiza. Mwanangu akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye muhuri. Kisha akamwambia aitafune. Akatafuna. Aliposhindwa kuimeza ndipo akachukua mpini wa shoka. Mimi nilikuwa nje, nayaona kwenye ufa wa mlango, nagonga, nalia, nimeita majirani mpaka sauti imenikauka. Hakufungua."

Barua ile ilikuwa mwandiko wangu. Mzee mmoja wa benchi alikuwa amejifunika uso. Mnaweza kudhani hapo ndipo tulipozinduka. Thubutu! Sikilizeni alichosema mwenyekiti, na alikisema kwa sauti ya huzuni kabisa.

"Kwa kuwa mlalamikiwa hakufika mbele ya baraza, kanuni inasema apelekewe wito wa pili. Karani, andika."

Na mimi nikavuta karatasi. Haki ya Mungu, nikavuta karatasi na kuanza kuandika tarehe! Mkono umezoea, akili haipo. Nilipoinua macho nikamwona Namsifu amesogea mbele ya meza yangu, amenyoosha ule mkono wake mzima, anasubiri nimpe barua. Hakuwa na hasira. Alijua tu kwamba ndiyo njia tuliyompa, hakuna nyingine.

Nikaiweka kalamu mezani.

"Mzee, siandiki."

"Unasemaje, Nietiwe?"

"Siandiki mpaka mniambie nani ataipeleka. Huyu haendi nayo."

Wazee wakatazamana. Mzee Mshana akakohoa, akasema sawa, kwa mara hii apeleke mtu wa baraza. Akamgeukia wa kwanza kwenye benchi. Yule akasema mgongo unamsumbua na kilima cha kwa Kajiru ni kikali. Wa pili akasema ana ng'ombe anayekaribia kuzaa. Wa tatu akasema yeye na Kajiru wanapakana mashamba, haitapendeza. Wa nne akasema wazi kwamba yule bwana akikasirika hajui mtu. Wengine wawili walikuwa wanatazama chini. Akabaki mwenyekiti mwenyewe, na yeye akawa anafuta miwani yake, anaifuta na kuifuta.

Yule kikongwe akawatazama wote, kuanzia mwanzo wa benchi mpaka mwisho.

"Kumbe mnamwogopa," akasema. "Mimi niliyemzaa namwogopa pia, na sioni aibu kulisema. Lakini ninyi wanaume saba, mnaogopa kufika mlangoni kwake mchana kweupe, kubisha hodi na kurudi zenu. Huyu mlimtuma akaingie ndani, akampakulie chakula, na akalale humo. Mliona wapi swala akatumwa kumwita chui?"

Mzee Mshana alianza kulia, na sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mkewe. Kisha akasimama, akawaambia wenzake, "Inukeni, wote." Wawili walimpeleka Namsifu hospitali kwa lori la kubeba mbao lililokuwa linashuka mjini. Waliobaki walikwenda kituo cha polisi kwa miguu, migongo na ng'ombe wao vikiwa vimesahaulika, wakarudi na askari. Kajiru alikamatwa juu ya gogo lake akipasua mbao, na aliwasalimia shikamoo. Mahakama ya wilaya ilimfunga miaka saba. Taya la Namsifu liliunga, ingawa liliunga upande, na aliishi.

Alhamisi iliyofuata tuliifuta ile kanuni. Tukaandika nyingine: shauri la kupigwa si la kusuluhishwa barazani, ni la polisi na hakimu siku hiyohiyo. Aliyepigwa hapewi barua yoyote kuibeba. Harudishwi kwenye nyumba ile kama mpigaji bado yumo, na wa kutoka ni mpigaji, si yeye wala watoto. Kata za jirani wakaomba nakala, na mwaka uliofuata madiwani wakakaa kuifanya sheria ndogo ya halmashauri nzima. Siku hiyo diwani mmoja alisimama akafoka kwamba tunavunja ndoa za watu. Mzee Mshana hakubishana naye. Alisema tu yale maneno ya mama yake Kajiru, akaeleza yalisemwa siku gani na mbele ya nani, akakaa. Sheria ikapita, na maneno yakashika njia mpaka sokoni.

Nikiishia hapo mtadhani tulikuwa watu wema waliokosea mara moja. Mambo hayakuishia hapo. Madiwani waliniomba idadi ya wanawake waliowahi kubebeshwa barua kabla ya Namsifu, nami nikayafungua majalada yangu ya miaka yote. Walikuwa kumi na wanne. Waliorudi barazani wiki iliyofuata walikuwa watatu. Kumi na mmoja hawakurudi, na kwenye jalada la kila mmoja wao nilikuta mwandiko wangu mwenyewe, herufi nzuri za duara: "Mlalamikaji hakufika. Wamepatana."

Wamepatana! Nani aliniambia wamepatana? Hakuna. Mtu asiporudi tuliona amani imepatikana, tunafunga jalada, tunaita shauri la mifereji.

Nilivaa viatu nikawatafuta, kijiji kwa kijiji, nyumba kwa nyumba. Sita niliwakuta, na sitawasimulia hali zao leo. Watatu walikuwa wamehama, hakuna ajuaye walikokwenda. Wawili nilioneshwa makaburi yao, na kwenye kaburi la mmoja mama yake akaniambia siku aliyokufa, ilikuwa Ijumaa. Mimi barua nilikuwa nimempa Alhamisi.

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Sifaeli, kesho unarudi ofisini. Akija mwanamke uso umevimba, na mkubwa wako akakuagiza umpe barua akamwite mumewe, usiseme ndio utaratibu. Inuka kwenye hicho kiti, mwambie mbele ya watu: swala hatumwi kumwita chui.