Pilau ya Asilimia Tisini

Mpango wa maji wa mkoa ulikuwa wa miaka ishirini, na Bwana Luhende, ofisa mipango, aliupima kwa mdomo. Bomba la kijiji halikutoa hata tone, maana pampu yake ilikuwa ikinywesha bustani ya Luhende mwenyewe. Hata hivyo alitangaza kwamba kazi imefika asilimia tisini, akaleta wageni kutoka wizarani waje kusherehekea. Pilau alimwagiza Nkwimba, mama ntilie aliyekuwa mjanja hata kuku wake hawakumwamini.

"Isipokuwa tayari saa saba, kibanda chako nakifunga!"

"Nikuangushe wewe, baba? Labda niwe nimekufa."

Asubuhi nzima Luhende alihutubia huku harufu ya vitunguu na bizari ikimtekenya pua. Saa saba Nkwimba akanyoosha mkono.

"Baba, tufafanulie sisi wajinga. Kitu kikifika asilimia tisini, ni tayari au bado?"

"Tayari!" Luhende alinguruma. "Anayesema bado ni adui wa maendeleo!"

Wageni wakapiga makofi, Nkwimba akapakua. Luhende akajaza kijiko, akatafuna. Meno yakalia karr!

"Mama, hii ni nini?"

"Pilau, baba. Mchele umo, nyama imo, viungo vimo. Imefika asilimia tisini."

"Imebaki nini?"

"Maji tu."

Mkubwa wa wageni alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaweka sahani chini.

"Luhende, hatuondoki hapa mpaka tule."

Pilau iliiva jioni ile kwa maji ya bomba, na bustani ya Luhende ikalala na kiu.