Chui wa Ghorofa ya Sita Anajuliwa Hali

Paukwa!

*Pakawa!*

Pakawa na nyumba juu ya nyumba, mpaka ghorofa sita. Lifti?

*Imekufa!*

Maji?

*Ya ndoo!*

Na anayekaa juu kabisa?

*Usimtaje kwa sauti!*

Basi nitamtaja polepole. Alikuwa Chui.

Ghorofa ya sita alikaa peke yake, kwa sababu majirani aliowakuta huko alikuwa amekwisha kuwala. Chini yake walibaki wanyama wa kawaida, wenye kazi zao na vikohozi vyao. Kila Ijumaa alasiri Chui aliteremka ngazi, puu, puu, puu, akagonga mlango mmoja, ngo, ngo, ngo, akasema maneno yale yale: "Nipeni mmoja. Mchague wenyewe, mimi si mkorofi." Wakampa mmoja. Akapanda naye, puu, puu, puu.

Siku nyingine zote wapangaji walipishana kwenye ngazi wakiulizana habari za mafua na za magoti. Habari ya Ijumaa hakuna aliyeiuliza. Siwalaumu. Jambo likiwa kubwa mno, ulimi huona afadhali uzungumzie goti.

Ghorofa ya tatu alikaa Mama Pimbi na watoto wake watatu. Ijumaa moja akasikia puu, puu, puu. Ghorofa ya tano, hatua zikapita. Ghorofa ya nne, zikapita. Mlangoni kwake zikanyamaza.

Ngo, ngo, ngo.

Watoto waliingia chini ya kitanda bila kuambiwa. Mama Pimbi akaona kidole cha yule mdogo kimebaki nje, akakisukuma ndani kwa mguu, akafungua mlango.

"Shikamoo, Bwana Chui."

"Marahaba. Nipe mmoja. Mchague mwenyewe..."

"Pole," akasema Mama Pimbi.

Hakuwa amepanga kusema hivyo. Hofu ilimbana ulimi, ukatoa neno la kwanza ulilolizoea.

"Pole ya nini?"

"Ya kuumwa."

"Siumwi."

"Hata marehemu shemeji yangu alisema hivyo hivyo."

Mdomo wa Chui ulikuwa umekwisha kufunguka. Akaufunga.

"Huyo shemeji yako alikuwa na nini?"

"Tulijua baadaye. Samahani nikuulize, bwana. Ukipanda hizi ngazi, unahema?"

"Nahema."

"Ukishiba, unasinzia?"

"Nasinzia."

"Ukiinuka ghafla, kichwa kinazunguka?"

"Mara moja moja."

"Basi."

"Basi nini?"

"Basi tu. Mungu ni mkubwa."

Aliyewahi kuugua anajua: hakuna kipimo cha daktari kinachotisha kama "Mungu ni mkubwa" ya jirani. Chui akashika ukuta.

"Nitakuja Ijumaa ijayo," akasema. "Leo sijisikii." Akapanda, puu... puu... puu, akipumzika kila baada ya ngazi tatu.

Mama Pimbi alikuwa amepata wiki moja. Hakukaa chini. Akagonga milango yote: "Bwana Chui anaumwa. Twendeni tukamjulie hali."

"Wewe una wazimu?" akauliza Bi Kanga wa ghorofa ya nne. "Mwanangu kaliwa huko juu. Leo nipande nikampe pole? Aumwe mpaka kucha!"

"Nenda ukamwambie yale unayomwambia mgonjwa siku zote. Neno moja usiongeze."

 Bi Kanga akaenda kujifunga ushungi.

Maana mila ya nyumba ile ilikuwa kama ya kwenu. Mgonjwa hujuliwa hali na kila mtu, na kila mtu huja na dawa yake, na katazo lake, na marehemu wake mmoja wa mfano.

Jumamosi Bi Kanga akapeleka mwarobaini kwenye chupa. Akasimama mlangoni.

"Jamani, Bwana Chui! Umekwisha hivi? Umebaki macho! Kunywa hii, na nyama usiguse. Hivi hivi alianza mjomba wangu. Jumatatu anacheka, Alhamisi tunamzika."

Jumapili akafika Mzee Kobe, aliyeanza kupanda Jumamosi.

"Mwarobaini? Nani kakupa mwarobaini? Utamaliza figo! Tafuna kitunguu saumu, kibichi, ulalie ubavu wa kulia. Na nyama usiguse. Kuna jirani yangu alilalia wa kushoto. Hakuamka."

Jumatatu akaja Nungunungu.

"Ubavu wa kulia? Utalielemea ini! Lala chali, bwana. Na nyama usiguse."

Jumanne akaja Bata. Huyo hakutoa dawa. Alimtazama Chui, akafuta machozi, akauliza kama ana ndugu wa kuitwa.

Hakuna aliyefundishwa uongo. Nimewaza sana habari hiyo, na sijapata wa kumlaumu. Walikuwa wanafariji kadiri wanavyojua kufariji.

Chui akanywa. Chui akatafuna. Chui akajigeuza kulia, akajigeuza chali. Tumbo likaunguruma, gulu-gulu-gulu. Midomo ikawaka, usingizi ukakimbia. Ilipofika Alhamisi alikuwa mgonjwa kwelikweli, na alikuwa na njaa. Nyumba nzima ikaingiwa na woga mkubwa kuliko zamani, kwa sababu Chui aliyeshiba walimzoea, lakini huyu mwenye njaa hawakumjua.

Ijumaa alasiri hakuteremka. Alinguruma toka juu: "Mleteni Pimbi!"

Mama Pimbi akapanda. Ghorofa ya nne Bi Kanga akafungua mlango kidogo tu, akasema, "Wanao nitawaangalia," akaufunga. Mama Pimbi akaelewa.

Chumbani kwa Chui mapazia yalikuwa yamefungwa. Kulinuka kitunguu saumu.

"Sogea."

Akasogea.

"Sogea tena."

Akasogea tena. Puu! Mkono wa Chui ukamwangukia kifuani, ukamlaza chali sakafuni. Kucha zikatoka, moja baada ya moja.

"Nimefikiri," akasema Chui. "Kama ni kufa, nitakufa nimeshiba. Haya, sema la mwisho."

Mama Pimbi akatafuta neno. Hakuna. Akatafuta hila. Hakuna. Akawaona akilini wanawe kule chini ya kitanda, wakisubiri kusikia mlango. Alichobaki nacho kilikuwa hofu peke yake, na moyo wake mdogo ukaenda mbio, ndu-ndu-ndu-ndu-ndu, kama mvua ya mawe juu ya bati.

Chui akatega sikio. Akakaza kiganja.

"Nini hicho?"

"Nini, bwana?"

"Kinachopiga hivyo. Hapa, mkononi mwangu!"

Hapo Mama Pimbi akalipata neno.

"Kumbe na wewe unausikia? Mimi nimeusikia tangu mlangoni. Nikaona nisikutie wasiwasi."

"Ni moyo wangu?"

"Mapigo ya mkononi, bwana. Hata hospitali hupimia hapo hapo."

Ndu-ndu-ndu-ndu-ndu.

"Haiwezekani!" akanguruma Chui. "Moyo gani unapiga hivi?"

"Usingurume, bwana, unazidi!"

Na kweli, aliponguruma, ukazidi.

Chui akaanza kunong'ona. "Nifanye nini, dada yangu?"

"Inua mkono. Polepole. Ukibonyeza utapasuka."

Akainua mkono.

"Unausikia sasa?"

"Siusikii... Umetulia!"

"Umeona? Kila ukimwekea mtu mkono, moyo unakwenda mbio. Na hizi ngazi ndizo zinakumaliza. Moyo kama huu unataka tambarare, mbali, penye nyasi na kimya. Ukimwona mtu, hata mdogo kama mimi, geuka upande wa pili. Usirudi hapa hata kusalimia."

Chui akaondoka alasiri ile ile. Aliteremka ameshika ukuta, akipumzika kila ghorofa. Majirani walisimama milangoni wakitetemeka, maana alipita karibu na pua zao, na kila mmoja akasema inavyopasa.

"Pole, Bwana Chui."

"Asante."

"Ugua pole, Bwana Chui."

"Asanteni, jirani zangu."

Huko chini Mbuzi alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara akisubiri kuvuka. Chui akamwona, akashtuka, akashika kifua, akageuka upande wa pili. Hajaonekana tena.

Juu, ghorofa ya sita, Mama Pimbi bado alikuwa amelala chali sakafuni. Ilibidi Bi Kanga apande kumwinua.

Sasa funzo. Funzo la hadithi hii, wasikilizaji wangu, ni kwamba msiogope. Asiyetetemeka mbele ya mkubwa ndiye anayepona. Mama Pimbi huwaambia wanawe hivyo kila Ijumaa alasiri, mlango ukiwa umefungwa kwa makomeo mawili.

Hadithi imeteremka, nami nateremka. Aliyeipenda ampelekee jirani. Aliyeumwa nayo asijali, tutakuja kumjulia hali.